Bomba la Inchi Tatu na Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni

Likizo ndefu iliyopita nilirudi nyumbani Iringa nikiwa na madaftari mawili ya themodinamiki na imani kubwa kwamba mwaka wa tatu wa uhandisi mitambo umenifanya mtu wa kusikilizwa. Baba mdogo hakusubiri hata niweke begi chini.

"Mwanangu, wewe si unasomea magari? Hebu niambie, niweke bomba la inchi tatu au nisiweke?"

Baba mdogo ana Hilux ya zamani, ile ya injini ya 3L, dizeli, haina turbo, haina kompyuta, haina maringo. Inabeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, inapanda Kitonga, inaingia Iringa mjini. Kwa wasiopajua, Ruaha Mbuyuni ni bondeni, joto la kuokea mkate, na Iringa iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Katikati yake ndiko kuna Kitonga, na kila dereva wa dizeli kuukuu anakijua kile kilima kwa jina na kwa maombi. Hilux hiyo ndiyo inayolipa ada ya wadogo zangu wawili. Na ile semesta ambayo bumu lilichelewa, ndiyo iliyonilisha mimi ninayeandika haya.

Sasa gari ilikuwa inatoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi, na Kitonga ilikuwa inapanda kwa gia ya pili mpaka magari ya mchanga yanaipita. Fundi mmoja alishampa baba mdogo dawa: toa ekzosi yote, weka bomba la inchi tatu moja kwa moja, sailensa tupa. "Injini haipumui, mzee. Ukiifungulia itaruka." Bei: laki nne na nusu. Baba mdogo alikuwa ameshaitenga hela, na hela yenyewe ilikuwa ya ada ya muhula wa pili.

Nilimwomba siku kumi. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyafanya katika siku hizo kumi, kwa sababu najua humu chuoni wengi wetu nyumbani kuna Hilux, Land Cruiser au Mitsubishi ya aina hiyo, na siku moja utaulizwa swali hilihili.

Kwanza, dizeli inapumuaje

Injini ya petroli ina mlango kwenye njia ya hewa. Ukikanyaga mafuta unaufungua. Dizeli ya zamani kama 3L haitegemei mlango wa aina hiyo kupima nguvu. Inavuta hewa kadiri silinda inavyoweza kuvuta, wakati wote, hata ikiwa imesimama inanguruma tu. Ukikanyaga, unachoongeza ni dizeli. Pampu inasukuma mafuta zaidi, nozeli zinayanyunyiza, basi. Kwa hiyo nguvu ya dizeli ina mpaka mmoja mkuu: hewa iliyomo ndani ya silinda inatosha kuchoma mafuta kiasi gani? Ukivuka hapo, mafuta yanayobaki hayachomeki vizuri, yanageuka masizi. Ule moshi mweusi unaouona ni dizeli uliyoilipia kituoni, inaondoka bila kufanya kazi.

Shika hilo, kwa sababu fundi alichanganya mambo mawili. Moshi mweusi maana yake hewa ni kidogo kwa mafuta yaliyopo, au mafuta yananyunyizwa vibaya. Bomba jembamba linaweza kuchangia, kwani gesi chafu ikishindwa kutoka yote, inabaki kwenye silinda na kukalia nafasi ya hewa safi. Lakini bomba ni mshukiwa wa tatu au wa nne. Wa kwanza ni filta ya hewa. Wa pili ni nozeli. Na sisi wa nyanda za juu tuna mshukiwa mwingine ambaye hakamatiki: mwinuko. Kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi kuliko pwani kwa karibu asilimia 14. Pampu ya kizamani isiyo na kifaa cha kufidia mwinuko hailijui hilo, inaendelea kumwaga dizeli ileile kama vile gari iko Kigamboni. Ndiyo maana gari inayotoka Dar safi inaanza kutoa moshi ikifika Ilula. Na ukikuta kuna mtu aliwahi kuzungusha skrubu ya pampu "ili iwe na nguvu", hapo ndipo moshi unakuwa wa harusi.

Hesabu ya bomba

Haya, toa kalamu. Mtu wa sosholojia asikimbie, ni kuzidisha na kugawanya tu.

Injini ya 3L ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,779. Chukua lita 2.78. Ni ya mipigo minne, kwa hiyo kila silinda inavuta hewa mara moja kwa mizunguko miwili ya kranki. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, inavuta mara 1,500. Hapo ni lita 4,170 kwa dakika, karibu lita 70 kwa sekunde. Silinda hazijai kabisa. Tuseme asilimia 85, tunabaki na lita 60. Hewa hiyo ikitoka imeshakuwa moto. Tukikadiria nyuzi 400 za Selsiasi kwenye bomba, kutoka nyuzi 27 za nje, ujazo wake unaongezeka mara 2.24 (gawanya 673 kwa 300, ndiyo kelvini zenyewe). Kwa hiyo bomba linapitisha karibu lita 135 za gesi kila sekunde.

Bomba la Hilux yetu nililipima kwa ndani: milimita 45. Pitisha lita 135 humo, gesi inakimbia mita 85 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Ukiweka bomba la milimita 57 kwa ndani, karibu inchi mbili na robo, mwendo unashuka hadi mita 53. Bomba la fundi la inchi tatu, ambalo ndani lina kama milimita 73, unashuka hadi mita 32.

Kinachotuuma si mwendo wenyewe ila upotevu wa presha kutokana na msuguano. Kwa mtiririko uleule na urefu uleule, upotevu kwenye bomba lililonyooka unapungua takriban kwa kipenyo kilichopandishwa kipeo cha tano. Kipeo cha tano, jamani, si mchezo. Kutoka milimita 45 kwenda 57, upotevu unabaki chini ya theluthi moja. Kutoka 45 kwenda 73, unabaki kama asilimia 9. Hebu angalia vizuri: ile inchi mbili na robo imeshakuondolea karibu sehemu saba katika kumi za tatizo. Inchi tatu inakuongezea mbili zaidi, pamoja na uzito, kelele, na bomba linalogonga ekseli kila mkifika kwenye shimo.

Halafu lile swali ambalo hakuna aliyemuuliza fundi: presha ya nyuma inakula nguvu kiasi gani hasa? Pistoni ikipanda kusukuma gesi nje, inafanya kazi dhidi ya presha hiyo. Zidisha presha kwa ujazo wa injini kwa idadi ya mivuto kwa sekunde. Kwa kila kilopaskali 10: paskali 10,000 mara mita za ujazo 0.00278 mara 25, unapata wati 695. Chini kidogo ya nguvu farasi moja. Moja! Injini yenyewe ina kama tisini. Hata ukiongeza ile faida ya silinda kujaa hewa safi zaidi, hakuna "kuruka" hapo.

Nilimwonyesha baba mdogo hesabu hizi. Aliangalia daftari, akaangalia gari, akasema, "Sawa mwanangu, ila daftari halipandi Kitonga." Nami nikaona ana haki. Kilopaskali 10 nilizozitaja zilikuwa za kwenye karatasi. Bomba lake lilikuwa na ngapi?

Mpira, maji na ubao

Saa maalumu ya kupima presha ya ekzosi hatukuwa nayo. Tulikuwa na mpira mwembamba unaopenya mwanga, wa mita tano, ubao wa mita mbili, na maji tuliyoyatia rangi ya chakula ya shangazi. Kilopaskali 10 ni karibu mita moja ya maji, kwa hiyo mpira ukiupinda kwa umbo la herufi U ubaoni, tofauti ya kimo cha maji kati ya pande mbili inakupa jibu moja kwa moja. Tulichomelea nati kwenye bomba, kama sentimita 30 kutoka kwenye manifoldi, tukafunga kipande cha bomba la breki cha mita moja na kukizungusha kama chemchemi ili gesi ipoe kabla ya kufika kwenye mpira. Bila hicho, mpira unayeyuka kabla hujatoka getini. Jaribio la kwanza maji yalirukaruka kama yanacheza singeli, kwa sababu gesi inatoka kwa mapigo. Tukabana mpira kwa kibanio hadi tundu likabaki dogo sana, maji yakatulia.

Kufanya jaribio gari ikiwa imesimama hakusaidii kitu. Dizeli isiyo na mzigo inachoma mafuta kidogo, gesi yake haijapata moto wa kutosha. Tukapakia mifuko ya mchanga, tukatumia ule mlima wa kutoka Ipogolo kupanda mjini: gia ya tatu, mguu chini kabisa, kutoka alama ileile hadi alama ileile. Baba mdogo anaendesha, mimi nyuma nimeshikilia ubao na simu. Watu walitucheka sana siku hiyo.

Tofauti ya maji: sentimita 160, yaani karibu kilopaskali 16. Muda wa kupanda: dakika 2 na sekunde 31.

Kanuni niliyojiwekea ilikuwa kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Hapa ndipo gereji nyingi zinapokosea. Wanabadili vitu vinne kwa pamoja, gari ikipona hakuna ajuaye kilichoiponya, na wewe umelipia vyote. Tukaanza na filta ya hewa. Ile iliyokuwamo ilikuwa imepulizwa kwa kompresa mara nyingi hadi karatasi imechakaa, na vumbi la Ruaha Mbuyuni limeganda kama udongo wa kufinyanga. Tukaweka mpya. Moshi ukapungua waziwazi, hata jirani alisema. Ila presha kwenye bomba haikushuka, ilipanda kufika sentimita 165. Usiku ule nilidhani nimeharibu kipimo, kumbe ndivyo inavyopaswa: hewa zaidi imeingia, hewa hiyo lazima itoke.

Siku ya nne tukapeleka nozeli kwa fundi wa pampu. Kwenye mashine yake mbili zilikuwa zinatiririsha badala ya kunyunyiza, dizeli inatoka kama mkojo wa mtoto. Zikarekebishwa. Tukapanda Ipogolo tena: dakika 2 na sekunde 19. Sekunde 12 tumeziokoa bila kugusa ekzosi.

Kilichokuwa chini ya bodi

Siku ya tano nililala chini ya gari kushusha ekzosi, na hapo ndipo makala haya yalipoacha kuwa ya nguvu farasi.

Sailensa ilikuwa nzito upande mmoja. Nilipoikata, bati la ndani lilikuwa limekatika na kulala juu ya njia, limeacha upenyo wa vidole viwili. Hiyo ilieleza sehemu kubwa ya zile kilopaskali 16. Lakini kilichonisimamisha kilikuwa nyuma yake. Baada ya sailensa, mkia wa bomba ulikuwa umekatika kabla ya ekseli, umeshikiliwa kwa waya. Moshi wote ulikuwa unatokea chini ya bodi, katikati. Na sakafu ya bodi ina matundu ya kutu.

Mdogo wangu mmoja, wa kidato cha tatu, likizo huwa anakwenda na gari kama utingo. Anakaa nyuma juu ya magunia, na mvua ikinyesha au baridi ya usiku ikizidi, anaingia chini ya turubai. Miezi ile alikuwa anafika nyumbani kichwa kinamgonga, mara mbili alitapika. Alipimwa malaria mara mbili, hakuna wadudu. Mama mdogo akasema ni kulala vibaya. Nilikwenda kuangalia magunia tupu yaliyokuwa ghalani: ya chini kabisa yalikuwa na duara jeusi la masizi, mahali palepale kila moja.

Moshi wa dizeli una kaboni monoksaidi kidogo kuliko wa petroli, hilo ni kweli, na madereva wanapenda kulisema. Lakini kidogo chini ya turubai kwa saa tatu si kidogo tena, na humo pia kuna oksidi za nitrojeni na masizi membamba yanayoshuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwezi Juni 2012. Hata lile bomba la inchi tatu, fundi alipanga kuliishia "hapohapo chini ya bodi, linaokoa chuma." Tungelipa laki nne na nusu kumwekea dogo moshi mwingi zaidi.

Jinsi tulivyolitengeneza

Nilichora bomba la milimita 57 kwa ndani, kutoka kwenye manifoldi hadi nyuma kabisa ya bodi, mdomo ukitazama pembeni na kutokeza nje ya bati, mbali na kiti cha utingo. Mdomo ukiishia ndani ya bodi au ukitazama moja kwa moja nyuma, gari ikikimbia inavuta moshi kurudi chini ya turubai. Sailensa tulichagua ya kunyooka, ile ambayo bomba lenye matundu linapita katikati na kuzungukwa na nyuzi za kumeza sauti. Inapunguza kelele bila kuzuia njia kama ile ya mabati.

Mambo madogo ndiyo yaliyochukua muda. Fundi wa kuchomelea alitaka kutumia bomba la maji lililopakwa zinki kwa sababu alikuwa nalo. Nikakataa. Zinki ikichomwa inatoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka usiku, mafundi wengi wanaijua ile homa na wanakunywa maziwa, lakini maziwa si barakoa. Kona nazo: ukilikunja bomba kwa nguvu, linabonyea na kurudi kuwa jembamba palepale ulipolipia upana. Tukakata vipande vya pembe na kuviunga, polepole. Kabla ya kuchomelea chochote karibu na gari, tulitoa waya za betri, na tulihakikisha bomba liko mbali na mpira wa breki na tangi.

Na ning'inizo za mpira tafadhali usibadili kwa waya. Chuma kinarefuka kikipata moto. Bomba la mita tatu likipanda nyuzi 300 linaongezeka karibu milimita 11. Ukilifunga kwa waya halina pa kwenda, linasukuma manifoldi, gasketi inakatika, na siku moja unasikia gari inapiga "che che che" upande wa injini na moshi unaingia kabini. Tulikata vipande vya tairi kuukuu tukatengeneza ning'inizo sita, bure.

Matokeo: maji yalishuka kutoka sentimita 165 hadi 55. Kilopaskali 11 zimeondoka, ambazo kwa hesabu yetu ni kama robo tatu ya kilowati, nguvu farasi moja. Na muda wa Ipogolo? Dakika 2 na sekunde 17. Bomba jipya lilituokolea sekunde mbili, na sekunde mbili hata upepo unaweza kukupa. Filta, nozeli na bomba kwa pamoja vilikula laki tatu na elfu sabini.

Kama nyumbani kwenu gari ina turbo, kama 2L-T au Land Cruiser ya 1HD-T, usichukue hesabu yangu jinsi ilivyo. Turbo inazungushwa na gesi hiyohiyo inayotoka, na nguvu yake inatokana na tofauti ya presha kabla na baada yake. Ukipunguza presha baada ya turbo inaamka mapema, inasukuma hewa mapema, na joto la gesi linashuka. Hapo bomba pana linalipa kweli, na inchi tatu kwa injini kubwa si upuuzi. Yule Mswisi Alfred Büchi aliyesajili wazo la turbo mwaka 1905 alikuwa anaitafuta hasa hii nguvu inayopotelea bombani. Ila hata hapo anza na filta, anza na nozeli, na pima.

Mkia ulipofika nyuma kabisa, baba mdogo aliwasha gari, akazunguka nyuma, akainama, akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba. Kikatoka na masizi kidogo. Akanitazama.

"Hailii sana," alisema, kidogo kama aliyekosa kitu. Nadhani ile sauti ya inchi tatu alikuwa ameshaizoea kichwani.

Safari iliyofuata walipakia gunia moja pungufu, na dogo alikaa mbele.